Wimbo wa Watu Watatu, Kisanduku cha Jina Moja

Sogea hapa. Usikae mlangoni, upepo wa mlangoni hubeba maneno. Shika ncha ya ulimi wako kwa vidole viwili, hivyo, kisha uape: nitakalosikia kwa Bibi Bajia litazikwa nami. Umeapa? Vizuri. Na mimi niliapishwa hivyohivyo na Mkuu wa Shule, Madamu Mkunde, mbele ya karai langu la mafuta, nikainua mkono wa kulia kabisa. Tangu siku ile nimewaambia watu sita tu. Wewe wa saba, na yule wa sita hahesabiki kwa sababu sikio moja halisikii.

Basi hapa kwetu Kwasemgaya pana watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, na wote watatu nimewahi kukosea juu yao.

Wa kwanza ni Mwalimu Semhando, anayefundisha Kiswahili pale sekondari. Kipaji chake ni kupata. Kitu kikiwashinda watu wote, mpe yeye. Hapati kwa ujanja, anapata kwa ung'ang'anizi; atagonga mlango mpaka mwenye nyumba aone heri afungue. Ana miaka hamsini na minne. Ujanani alitaka kusomea muziki, baba yake akamwambia muziki ni kazi ya walevi, akamtia ualimu.

Wa pili ni Mhina, kijana wa kidato cha nne. Kipaji chake ni masikio. Darasani, mnh, tusimseme mtoto wa watu. Mtihani wa majaribio matokeo yalipobandikwa ukutani, yeye alipita mbali kama anayepita kando ya kaburi. Lakini mpitishe karibu na mashine ya kusaga, atakwambia, "Bibi, mkanda umelegea upande wa kulia." Na kweli, jioni mkanda umekatika.

Wa tatu ni Mwasiti, wa kidato hichohicho. Kipaji chake ni maneno, na koo la kuyabeba. Binti mpole, macho chini, shikamoo yake inafika kabla yake. Analelewa na baba yake mdogo. Mama yake alikwenda kutafuta maisha, huu mwaka wa nne, na simu haishiki. Mimi watu wapole nawaogopa kidogo. Mtu mkali unamwona anapokuja. Mpole unashtukia amekwishafika.

Mimi nauza bajia chini ya dirisha la kile chumba kilichokuwa stoo ya majembe, ambacho sasa wanakiita chumba cha muziki. Dirisha halina kioo wala ubao. Sikuomba kusikia. Nilisikia.

Sasa sikiliza alivyofanya kila mmoja.

Kuna programu ya kutengenezea muziki. Unaiweka kwenye kompyuta, kompyuta inageuka ngoma, inageuka kinanda, inageuka zeze, na sauti ya mtu inarekodi. Bei yake kwa watu wote ni bei ya ng'ombe. Kwa wanafunzi na walimu ni bei ya mbuzi, tena mbuzi wa kiangazi. Lakini wenye programu si wajinga, wanataka ushahidi kwamba wewe ni mwalimu kweli. Mwalimu Semhando akaandika barua, akapiga muhuri wa shule, akaituma. Ikarudi: muhuri hausomeki. Akatuma picha ya kitambulisho. Ikarudi: dole gumba lake limeziba uso wake mwenyewe. Akapanda kwenda wilayani kutafuta wino mpya wa muhuri, akakaa huko siku mbili. Mzee Ngoda, mwenye steshenari ng'ambo ya barabara, akamcheka.

"Mwalimu, unajitesea nini? Mimi ninayo hiyohiyo, imevunjwa kufuli. Nipe soda mbili nikuwekee sasa hivi."

Mwalimu akamjibu, "Ngoda, nitawafundishaje watoto kuimba kwa koo la wizi?"

Wiki ya tatu programu ikakubali. Ilikubali kwa jina lake, na kwa sharti: mwalimu na wanafunzi wake waitumie, lakini kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ukiifungua kwingine, ile ya kwanza inajifunga. Pesa alizolipia zilikuwa za mabati ya jiko la mkewe, Mama Hoza. Mama Hoza akapikia mvuani wiki nzima akiwa na mwavuli, na kila aliyepita alielezwa kwa nini.

Mhina naye akaingia kazini. Akaazima simu ya Mwalimu, akaanza kuzunguka nayo kama mganga anayetafuta dawa. Akarekodi dawati linaloburutwa. Akarekodi mashine ya kusaga. Siku moja akaja kwangu, akaishusha simu juu ya karai mpaka nikamwambia, "We Mhina, hiyo ikitumbukia nitaiuza kwa bei ya bajia!" Akasema, "Bibi, tia moja polepole." Nikatia. Mafuta yakalia shwaaa. Akatabasamu kama amepata mke. Mwezi mzima alikaa kwenye kile chumba, akikata zile sauti vipande, akizipanga, akizipangua. Mwisho ikatoka biti ambayo hata mimi, mwenye magoti haya, niliikuta ikinitikisa bega. Na ile shwaaa ya bajia zangu ndani yake, mahali pa kayamba.

Mwasiti alikaa kimya karibu mwezi wote huo. Mhina akawa anamtania, "Mwasiti, maneno yanakuja kwa miguu au kwa punda?" Naye anajibu, "Yakija yataingia, we acha mlango wazi tu." Kisha siku moja akaingia, akasimama mbele ya kile kidude cha kurekodia, akaimba mara moja tu. Ulikuwa wimbo wa mtoto anayempigia mama yake simu. Kiitikio chake hiki:

*Namba unayopiga haipatikani,*
*nami nilikuwa na neno moja tu.*

Bajia zilizokuwa karaini ziliungua zote. Mwalimu Semhando alitoka nje akasema vumbi limemwingia machoni. Vumbi gani, na ilikuwa masika?

Hapo ndipo fitina ilipoingia, na iliingia ikiwa imevaa nguo ya heri. Wenye programu walitangaza mashindano kwa shule zote zinazoitumia. Wimbo mmoja kwa kila shule, na mshindi anapata nafasi ya kusomea muziki chuoni miaka miwili, kula na kulala juu yao. Awe mwanafunzi, awe mwalimu, mradi hajafika hamsini na tano. Lakini nafasi ni moja, na jina ni moja. Mle ndani ya programu, chini ya wimbo, kuna kisanduku kimeandikwa MTUNZI. Kisanduku kimoja, mstari mmoja.

Unaona sasa? Mwalimu, mwakani anatimiza hamsini na tano, mlango unafungwa. Mhina, hana mlango mwingine zaidi ya masikio yake. Mwasiti, baba yake mdogo amekwishasema akimaliza mtihani anapelekwa Handeni kulea watoto wa shangazi yake, na nguo zake nusu zimetangulia kwenye kiroba.

Walipokaa kujadili, kila mmoja alisema, "Mimi naona apewe anayestahili," na kila mmoja alikuwa akitazama vidole vyake. Madamu Mkunde akaamua: kisanduku kikae kitupu mpaka siku mwamuzi wa mashindano atakapokuja kuusikiliza wimbo. Siku hiyo shule itaamua. Amani ikapatikana ya watu watatu kuogopana.

Wiki ileile mambo ya ajabu yakaanza.

Jumatatu saa kumi jioni, Mhina yuko kwenye kompyuta, programu ikajifunga yenyewe. Maneno yakatokea, Mwalimu akayatafsiri: imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

"Ni mtandao," akasema Mwalimu.

Jumanne saa kumi, vilevile. Jumatano saa kumi, vilevile. Mtandao gani huo unaojua saa?

Mwalimu akamgeukia Mhina. "Neno la siri umempa nani?"

"Mwalimu, neno lenyewe analijua hata bibi wa bajia."

"Bi mkubwa!" Mwalimu akatoa kichwa dirishani.

"Abee."

"Unalijua neno la siri?"

"Mwanakombo," nikasema, "na mwaka uliooa. Mama Hoza nimemwambia. Amefurahi umemkumbuka mama yake, ila anasema mabati je?"

Ee, usinitazame hivyo. Yule mwalimu wa Kiswahili miaka thelathini amesomesha watoto imla, mkono wake hauwezi kuandika mpaka mdomo usome. Kila alipofungua ile programu alikuwa akitangaza: "Herufi kubwa, M! W! A! N! A!..." na akifika mwisho, "Narudia!" Darasa la jirani walikuwa wakiliandika kwenye madaftari.

Basi akalibadilisha. Safari hii akawatoa watu wote chumbani, akaazima khanga yangu akaziba dirisha. Kisha nikamsikia, nyuma ya khanga yangu mwenyewe: "Herufi kubwa, K! I! P!..." na mwisho, "Narudia!" Khanga inaziba macho, haizibi sauti.

Alhamisi saa kumi, programu ikajifunga.

Hapo nikaona sasa kazi ni yangu. Nikaanza kuchunguza. Saa kumi hiyo ya Alhamisi Mwalimu Semhando alikuwa hayupo chumbani. Nilimwona akizunguka nyuma ya tangi la maji na begi kwapani, akitazama kushoto na kulia. Nikamwandika moyoni. Lakini Mhina je? Mhina ndiye aliyekuwa akifukuzwa na kompyuta kila siku, na mimi nimeishi sana, najua mwizi hodari ndiye anayepiga kelele za mwizi. Tena Jumatano nilimwona akitoka kwa Ngoda anajifutafuta mikono. Nikamwandika. Mwasiti peke yake ndiye aliyekuwa akipita mbele yangu saa tisa na nusu, begi mgongoni, "Bibi, nawahi kufungia kuku wa baba mdogo." Nikamsifu. Nikawaambia wenzangu sokoni, yule binti ndiye mtu pale, wale wawili ni nyoka na kivuli chake.

Ijumaa wakafungua wimbo asubuhi, wakakuta umebadilika.

Haukupunguka. Umeongezeka, na kilichoongezeka ni kimya. Kabla ya mstari wa mwisho mtu ameondoa kila kitu, ngoma, mashine, bajia, vyote, kwa mapigo manne. Kimya. Ndipo sauti inaingia: *nami nilikuwa na neno moja tu.*

"Nani amekata biti yangu?" Mhina akaruka.

"Usijitie wazimu, umekata mwenyewe," akasema Mwalimu.

"Mimi? Mwalimu, wewe ndiye unayetaka ionekane umetunga!"

"Kijana, chunga kauli."

"Urudisheni basi kama ulivyokuwa," Mwasiti akasema taratibu.

Mhina akaweka kidole arudishe. Akaucheza kwanza. Akaucheza tena. Akauondoa mkono. "Kiacheni," akasema, na uso umemvimba. Mimi nje nimesimama na kijiko juu nikijiuliza, mwizi gani huyu anaiba kwa kuongeza?

Jumamosi na Jumapili zikapita wakiviziana. Mwalimu akabeba ufunguo wa chumba shingoni kama hirizi. Mhina akaweka unyuzi mlangoni ajue nani amefungua. Ukakatwa na mbuzi.

Jumatatu ndiyo ilikuja balaa. Umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo, mle chumbani pakasikika *pu*, na harufu. Kompyuta ya shule ikafa, na wimbo ndani yake. Programu ina njia ya kuweka nakala hewani, lakini Mwalimu aliikataza kwa sababu inakula bando. Fundi akaja, akafungua, akapuliza, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta pa kuanzia. "Hii poleni," akasema.

Walilia, jamani. Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mhina alipiga ukuta. Mwasiti alilia kuliko wote, mpaka nikamletea maji na bajia ya bure, na mimi bajia ya bure sitoi hovyo.

Mwamuzi alikuwa aje Alhamisi. Madamu Mkunde alitaka kumpigia simu asije, Mwalimu akakataa. "Aje. Nitamwonyesha angalau programu ni ya halali. Sitaki isemwe tulikuwa waongo."

Alhamisi saa tisa mwamuzi akafika, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, anayesikiliza kuliko anavyosema. Madamu Mkunde akatoa laptopu yake ya ofisini, ikawekwa juu ya meza nje, chini ya baraza, maana ofisi haikutosha watu. Wanafunzi wote wapo, walimu wapo, mimi nipo na beseni langu, kwa sababu penye wageni pana njaa. Mwasiti hayupo. Nikasema, maskini, ameshindwa kuvumilia.

Mwalimu Semhando akakaa kuingiza neno la siri. "Herufi kubwa, K!..." Wanafunzi wakamalizia kwa pamoja. Mwamuzi akavua miwani, akaivaa tena.

Programu ikafunguka, na maneno yakatokea. Madamu Mkunde akayasoma kwa sauti: "Inatumika sasa hivi kwenye kompyuta nyingine. Jina la kompyuta: Ngoda Steshenari, namba mbili. Bonyeza NDIYO ile ifungwe." Hakuna aliyebonyeza.

Watu wakageuka kama shamba la alizeti. Ng'ambo ya barabara, mlango wa Ngoda uko wazi.

"Ngoda!" Mwalimu akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Nilijua! Muuza kufuli zilizovunjwa!"

"Nilijua!" Mhina naye. Mimi pia nilijua, nikasema kwa sauti ili ikumbukwe.

Tukavuka barabara sote, mwamuzi katikati kama bibi harusi. Ngoda tulimkuta mlangoni akila muwa, ameshtuka. "Jamani, nimeua nani?"

"Kompyuta namba mbili," akasema Madamu Mkunde.

Ngoda akaelekeza kwa muwa.

Ndani, mgongo ukiwa kwetu, hedifoni masikioni, alikaa Mwasiti. Hakutusikia. Mbele yake wimbo ulikuwa umelala kwenye kioo, mistari ya kijani na ya buluu, mzima kabisa. Chini yake kisanduku cha MTUNZI. Na tukamwona, watu wote wale tulimwona, akinyoosha kidole kimoja akibonyeza: M. Akatafuta. W. Akatafuta. A. S. I.

Mhina akamvua hedifoni.

Yule binti aligeuka, akaona dunia nzima mlangoni. Hakukimbia. Mkono ukabaki palepale kwenye vitufe.

"Tangu lini?" akauliza Mwalimu Semhando. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia.

"Tangu kisanduku, Mwalimu. Nafagia hapa kwa Mzee Ngoda saa tisa na nusu, saa kumi ananiachia kompyuta, leo nimemwomba mapema. Asubuhi zamu yangu ya usafi nachukua wimbo kwa flashi, kesho yake naurudisha."

"Na wewe Ngoda ulijua?"

"Mimi najua anafagia vizuri," akasema Ngoda. "Alisema ni kazi ya shule. Si ya shule?"

"Kile kimya ni chako?" Mhina akauliza.

"Ni changu. Wewe ulikuwa unapiga ngoma hapohapo, hujui simu inavyolia bila kupokelewa."

Mhina akaiweka hedifoni juu ya meza.

Madamu Mkunde akasogea. "Mwasiti, wenzio wamelia siku tatu. Na wewe umelia nao! Wimbo unao mkononi, umenyamaza. Ulitaka kuutuma peke yako?"

"Nilitaka kuuleta."

"Ukiwa na jina lako?"

"Ukiwa na jina langu, Madamu. Nililia kweli. Nilikuwa najua nitakachokuja kufanya."

Watu wakaguna. Mwamuzi akavuta uzi wa hedifoni, ukachomoka, akabonyeza. Wimbo ukatoka kwenye spika za Ngoda, zilizozoea matangazo ya kudurufu. Mashine ya kusaga ikazunguka, dawati likaburutwa, mafuta yangu yakalia. Sauti ya Mwasiti ikapita juu yake. Kikafika kile kimya, mapigo manne, na mle dukani hata Ngoda aliacha kutafuna muwa. Kisha mstari wa mwisho.

Mwamuzi akatazama saa. "Programu ni halali. Aliyeifungua hapa ni mwanafunzi wa mwalimu huyu, kanuni haijavunjwa. Wimbo naupokea, na nitawaambia wazi, sijasikia mwingine kama huu mwaka huu. Lakini kisanduku hiki kinafungwa saa kumi kamili, na sasa ni kasoro dakika kumi na tano. Nahitaji jina moja, na jina hilo mlitoe ninyi."

Moto ukawaka.

"Mimi sitaki maneno mengi," Mwalimu Semhando akasema. "Programu imekubali kwa kitambulisho changu, kwa muhuri nilioufuata wilayani. Bila mimi mngekuwa mnapiga meza kwa viganja. Nimengoja miaka thelathini na sita, watoto wangu. Ninyi mna kesho. Mimi nina mwaka huu."

"Mwalimu, uliipata ikiwa tupu," Mhina akajibu. "Nani aliijaza? Kila mlio mle ndani nimeuokota mimi. Mwezi mzima! Toa vyangu uone kitakachobaki."

"Itabaki sauti yangu," akasema Mwasiti.

"Sauti ya mwizi!"

"Ya mwizi, ndiyo." Alisimama. Sijawahi kumwona yule mtoto amesimama wima vile. "Wimbo wenu ulikufa Jumatatu, Mhina, mmeuzika wenyewe na fundi akatoa rambirambi. Huu uliobaki ni ule niliouiba. Kama nisingeiba, leo mama huyu angekuwa amekunywa soda akaondoka."

"Kwa hiyo tukushukuru?"

"Msinishukuru. Handeni naenda nikimaliza mtihani, kiroba kimeshatangulia. Mnishukuru ya nini?"

Pale dukani watu wakagawanyika. Mama Hoza, ambaye kumbe ndiye Mwalimu alikuwa akimkwepa nyuma ya tangi la maji kwa ajili ya mabati, na ambaye sijui alifika saa ngapi, akasema mumewe apewe, angalau mabati yawe yamekwenda mahali pa maana. Wanafunzi wavulana wakamwita Mhina, Mhina, Mhina. Mpishi wa shule akasema mwizi akipewa zawadi, kesho flashi zote za Kwasemgaya zitatembea. Ngoda akasema, "Mimi nimewauzia watu programu za kuvunja kufuli miaka sita, hakuna hata moja iliyotoa wimbo kama huu," na hakuna aliyejua alikuwa upande gani, nadhani hata yeye.

Madamu Mkunde akasogea kwenye kiti cha Mwasiti, akakaa. Mbele yake kisanduku: MWASI, na kale kamstari kanapepesa mwishoni kakingoja herufi. Akaweka kidole cha shahada juu ya kitufe cha kufuta. Hakubonyeza. Akageuka akatutazama sote, saa ya ukutani ya Ngoda ikisema kasoro dakika nne.

Hapohapo ndipo ninaposimama na wewe.

Na usinijibu harakaharaka. Mimi nilidhani najua, nikageuka mara tatu kabla mafuta hayajapoa. Ukimpa Mwalimu, umempa aliyeifungua njia, ila miguu iliyopita haikuwa yake. Ukimpa Mhina, aliyeujenga wimbo jiwe kwa jiwe, ukumbuke kwamba pale palipotugusa sote mle dukani ni pale ambapo Mhina hakupiga kitu. Ukimpa Mwasiti, umempa aliyeimba, aliyenyamazisha, aliyeokoa, na aliyewatazama wenzake siku tatu wakimzika maiti aliye hai, kisha akakamatwa kidole kikiwa kwenye jina lake. Ukimnyima, utamnyima kwa wizi wake, na wizi huohuo ndio uliokupa kitu cha kugawa.

Usiniambie wagawane. Kisanduku ni kimoja, kiti cha chuoni ni kimoja.

Haya, kaa kwenye kiti cha Madamu Mkunde. Weka kidole. Zimebaki dakika nne. Je, wewe ungeliacha jina lile likamilike, au ungelifuta? Na kama ungelifuta, ungeandika la nani?